Wazi kwa Nani

Mwalimu Mselem alipolazwa Makadara
wakanisukumia Kidato cha Tatu, kipindi cha sita,
na kitabu cha hesabu kisicho jalada,
mimi ambaye hesabu zangu huishia
kwenye chenji ya viazi karai langoni mwa shule, Tononoka.

Sikuwa na la kufundisha. Nikasoma.
Nikasoma nilivyozoea, kwa sauti na kwa vituo,
ukurasa wa sabini na moja, wenye alama nyekundu
ya kidole cha mtu aliyekuwa akila mabuyu:

*Chukulia kwamba kipeuo cha pili cha mbili ni sehemu,
a juu ya b, zisizo na kigawo cha pamoja.*

Chukulia. Nikasita hapo.
Hii si paukwa hii? Mtu anaidai pakawa yetu
kabla hajasema anatupeleka wapi.
Na huyo a kaingia bila jina la baba,
kama mgeni wa arusi ambaye kila upande
unadhani ni wa upande wa pili.
Tukamwacha akae.

Mstari wa tatu, a akabainika kuwa shufwa.
Wasichana wakacheka. Shufwa na witiri
wanazijua za Ramadhani, baada ya tarawehe, miguu ikiuma;
kumbe na mchana zina kazi.
Mstari wa tano: *ni wazi kwamba b pia ni shufwa.*

"Wazi kwa nani, mwalimu?"

Salha Abubakar, dawati la nyuma,
chini ya feni isiyozunguka.
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
Miaka kumi na mmoja ni mimi niulizaye:
mtunzi kasema nini hapa, na kwa nini hakusema?
Leo swali limekuja kwangu kama mdai.

Tukarudi nyuma, penseli mkononi.
Dakika ishirini, mstari mmoja.
Nguo zikatushika migongoni.
Mara Rukiya akaruka: "Kama a ni mara mbili ya kitu,
basi hicho kitu kipeni jina!"
Tukakiita c, mtoto aliyezaliwa katikati ya hadithi,
na mlango ukafunguka.
a na b, walioapa mwanzoni hawana la kushirikiana,
kila mmoja ana ile mbili mfukoni.
Njia ya mwongo ni fupi: mistari saba.
Wala hakukimbizwa na mtu. Aliachwa aseme,
aseme, mpaka maneno yake yenyewe yakamfungia.

Usiku, nyumbani Kuze, nikafungua daftari
la marehemu shangazi yangu Mwanakombo,
kwenye ubeti ninaoufundisha kila mwaka:

*Nimetandika busati, vikombe vyetu viwili,
Nyayo zako sizipati, si karibu wala mbali,
Kahawa i katikati, yapoa, ingali kali,
Namimina, sikuiti, nanywa changu cha pili.*

Kumi na sita. Kumi na sita. Kumi na sita.
Wa mwisho ni witiri.

Kila mwaka, ubaoni, nimekuwa nikimtilia "na":
*nanywa changu na cha pili.*
Hata sikuwaambia wanafunzi.
Ilikuwa wazi kwamba alisahau.

Nikahesabu tena kwa vidole, kama mtoto wa chuoni.
Aliutunga akiwa edani.
Mwanamke aliyekuwa akiutazama mchele wa arusi kwenye sinia
akakwambia pishi ngapi, na ukipima ndizo,
hakudondosha mizani moja kwa bahati mbaya.
Na akaidondosha ipi? Ile ya kujumlishia.
Ile inayokaa baada ya "mimi",
ikingoja jina.

Kesho nitauandika ulivyo.
Nitaweka chaki chini,
nimsubiri Salha ahesabu.